Upande wa Kushoto

Miaka minane Mundhir kala mshahara wa mpira
na mpira wenyewe hakuushika ila mara moja,
ulipomponyoka mwenziwe kwenye theluji
akauangukia kama mtu aliyejikwaa mlangoni.
Siku hiyo tu ndiyo walimtaja kwa wema.

Siku nyengine zote jina la baba yetu
lilitajwa akishakosea:
kamshika mtu fulana, kainuka kabla ya wakati,
mwamuzi katupa kitambaa cha manjano.
Sisi huku Barka, saa tisa za usiku,
tumejikunja mbele ya kompyuta,
chai ya maziwa imeota ngozi,
tukajifunza kuomba dua kinyume:
Ya Rabbi, leo asitajwe.

Mama akauliza, "Hasa kazi yake ni nini?"
Nikamwambia, anasimama.
"Anasimama wapi?"
Mbele ya mtu anayetaka kupita.
Akanyamaza, akaizungusha pete yake.
"Basi ni bawabu."
Mpaka leo sijapata neno la kulishinda hilo.

Aliondoka na kilo tisini na tano
na barua ya kusomea uhandisi wa mabomba.
Kocha mmoja akamwona anapandisha friji ngazini, peke yake,
akamuuliza unakula nini.
Toka hapo kula kukawa ajira:
mayai kumi na mawili alfajiri,
wali usiku wa manane, kengele imetegwa,
mtu anatafuna huku machozi yanamtoka kwa kushiba.
Karudi na mia na arubaini,
magoti mawili ya kushonwa,
na vidole vya mkono wa kulia
kila kimoja kina kibla chake.

Walimwachisha kwa simu ya dakika mbili.
Alikuwa anafua soksi.

Ijumaa alasiri hunichukua uwanjani, kwenye mafahali.
Hapa hakuna upanga wala damu,
ni paji kwa paji, kamba na vumbi,
anayegeuka ndiye kashindwa, basi.
Watu wote wanatazama pembe.
Mundhir anatazama miguu ya nyuma.
"Yule mwekundu kishakwenda," ananinong'oneza,
na bado hawajagusana.
"Angalia kwato. Anasimama kama mwenye haraka."
Haikufika dakika, mwekundu kageuka.

Mzee Thuwaini, mwenye fahali mweusi,
akamjia na bakora yake:
we kijana, ng'ombe umejulia wapi?
"Nilikuwa mmoja wao."
Wakacheka, benchi zima.
Mimi nilikuwa namtazama anavyomtazama yule aliyeshindwa,
anapakiwa kwenye pikapu,
mvulana mmoja anamfuta mchanga machoni
kwa kilemba chake mwenyewe.
Mundhir akauliza swali moja tu:
"Na kesho watamlisha?"

Sasa anasali kitini.
Kila mwezi kilo tatu zinamtoka,
Mama anazirudisha mbili kwa mkate wa kumimina.
Yule mrushaji aliyekuwa akimlinda,
kijana wa mkono wa dhahabu,
alimwalika harusini: meza ya mwisho, karibu na jiko.
Mundhir husema chakula kilifika kikiwa moto.

Mwaka huu jicho la kushoto la Mama limeingia ukungu.
Hakuna aliyemwambia Mundhir lolote,
ila kila tukienda sokoni Seeb
namwona yuko kushotoni kwake, hatua nusu nyuma,
magoti yamekunjwa kidogo,
mikono wazi usawa wa kifua.
Matoroli yanampitia mbali.
Wavulana wenye baiskeli wanajikuta wameshuka.
Mama haoni kitu upande ule
na hajui kuwa haoni,
anasimulia bei ya papa mkavu.

Jana sebuleni kamwambia,
"Mundhir, mwanangu, sogea, unanizibia feni."
Kasogea.
Nusu hatua.